Wekundu wa Mto Tshikapa: Kile Satelaiti Ilichokiona na Kile Ilichoshindwa Kukiona

Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2021, wakazi wa Tshikapa, mji wa almasi katika mkoa wa Kasai huko Kongo, waliamka na kukuta mto wao umebadilika rangi. Huo ni msimu wa kiangazi kwao. Maji huwa yamepungua na kutulia, na tope la masika limeshazama. Safari hii yalishuka mekundu, mazito kama udongo uliokorogwa. Samaki wakaanza kuelea matumbo juu, viboko nao wakaonekana wamekufa. Uongozi wa mkoa ukapiga marufuku kunywa maji ya mito Tshikapa na Kasai, na kula samaki wake.

Tarehe 2 Septemba, waziri wa mazingira wa Kongo wakati huo, Eve Bazaiba, akatangaza kwamba watu 12 wamekufa na zaidi ya 4,400 wameugua, wengi wao kwa kuhara. Alisema Kongo itadai fidia, kwa msingi kwamba aliyechafua ndiye alipe.

Lakini ni nani aliyechafua? Hapo ndipo kisa hiki kinapokuwa na faida kwa yeyote anayeishi kando ya mto ulio chini ya mgodi. Jibu halikuanzia mahakamani wala kwenye maabara. Lilianzia kwenye picha za bure zilizopigwa kutoka angani.

Tuuweke mto kwanza kwenye ramani. Unaanzia Angola, ambako unaandikwa Chicapa kwa tahajia ya Kireno. Unateremka kuelekea kaskazini kupitia Lunda Sul na Lunda Norte, unavuka mpaka, unageuka kuandikwa Tshikapa, na mwisho unaingia Mto Kasai pale pale kwenye mji wenye jina lake. Kasai nao unaendelea kuzoa mito mingine hadi Kwamouth, unapomwaga ndani ya Mto Kongo, juu ya Kinshasa. Kwa hiyo kitu kikimwagika kusini kule, kuna njia ya maji isiyokatika mpaka mji mkuu wenye mamilioni ya watu.

Karibu na Saurimo, mji mkuu wa Lunda Sul, kuna mgodi wa Catoca. Ni miongoni mwa migodi mikubwa kabisa ya almasi duniani, na sehemu kubwa ya almasi za Angola hutoka hapo. Ukiutazama kutoka juu ni duara la shimo lenye upana wa karibu kilomita moja, na pembeni yake mabwawa ya kuhifadhia majitope yanayobaki baada ya mwamba kusagwa na almasi kutolewa. Kutoka hapo hadi mjini Tshikapa ni zaidi ya kilomita 300 kwa mstari ulionyooka. Mto wenyewe haujanyooka hata kidogo.

Sasa twende kwenye picha. Tangu 2015 Umoja wa Ulaya una satelaiti za Sentinel-2, na tangu 2017 zinaruka mbili kwa zamu, hivyo karibu kila sehemu ya nchi kavu hupigwa picha kila baada ya siku tano. Pikseli moja, yaani kitone kimoja cha picha, ni mita 10 kwa mita 10. Picha ni bure kwa kila mtu, na kwa kawaida huwekwa mtandaoni ndani ya saa chache hadi siku moja. Huhitaji barua ya wizara wala kadi ya benki. Unahitaji intaneti inayovuta vizuri na uvumilivu.

Mbinu yenyewe haina uchawi, na kila ninapomwonyesha mtu huwa naanza na kisa hiki kwa sababu kinafuatika kwa macho. Unaanzia pale palipochafuka na unapanda mto. Kwenye kila makutano unauliza swali moja: ni mkono upi umebeba rangi? Ukisimama mjini Tshikapa, mito miwili inakutana. Kasai unaotoka juu una rangi yake ya kawaida, Tshikapa ni mwekundu. Basi Kasai unauacha, unaufuata Tshikapa. Unavuka mpaka bila pasipoti. Kijito kinaingia kutoka kulia, ni safi, unakipita. Kingine kushoto, safi, unakipita. Unakwenda hivyo kilomita mia kadhaa mpaka unafika mahali ambapo juu yake mto ni wa kawaida na chini yake ni mwekundu. Hapo ndipo rangi inaingia. Kwenye kisa hiki palikuwa ni kijito kiitwacho Lova, na ukikifuata Lova unafika kwenye mabwawa ya Catoca.

Kazi hiyo ilifanywa na watafiti wa CRREBaC, kituo cha utafiti wa rasilimali za maji za bonde la Kongo kilichopo Chuo Kikuu cha Kinshasa, wakishirikiana na kampuni ya Kifaransa ya VisioTerra inayochambua picha za satelaiti. Picha zilionyesha chanzo kuwa ni bwawa la mgodini, na mwanzo wa umwagikaji kuwa karibu na tarehe 25 Julai. Kampuni ya Catoca nayo ikakiri kwamba tarehe 24 Julai kulitokea hitilafu kwenye bomba la kutolea maji bwawani. Ikaeleza kwamba imejenga matuta ya kuzuia tope na kuziba palipovuja.

Zile tarehe mbili zinastahili kutazamwa vizuri. Kampuni inasema tarehe 24, picha zinasema karibu na 25. Satelaiti haikuwapo kila saa, inapita asubuhi na kwenda zake, kwa hiyo inachoweza kusema ni kwamba siku ile hapakuwa na kitu na siku hii kipo. Hata hivyo ukipata dirisha la siku chache kama hilo, mtu hawezi tena kusema tope lilikuja na mvua ya mwezi uliopita, au kwamba limetoka kwa wachimbaji wadogo wa upande wa Kongo.

Hoja hiyo ya wachimbaji wadogo si ya kupuuzwa, maana Tshikapa ni mji uliozaliwa na almasi. Zilianza kuokotwa huko mwaka 1907, na hadi leo kuna watu wanaopiga mbizi kwenye sakafu ya mto kufuata changarawe. Mto wao haujawahi kuwa maji ya chupa. Ndiyo maana picha ya siku moja haitoshi. Lazima uwe na picha za kabla, na hapa ndipo hazina ya satelaiti inapoizidi maabara yoyote: picha za kabla zipo hata kama hakuna aliyezipanga. Sentinel-2 ina kumbukumbu tangu 2015, na Landsat za Marekani, ambazo kumbukumbu zake zilifunguliwa bure mwaka 2008, zinarudi nyuma miongo kadhaa. Ukichukua Julai ya miaka iliyotangulia ukailinganisha na Agosti 2021, unaona tope la kawaida la wachimbaji ni lipi na la ugeni ni lipi.

Kwa anayetaka kujua kompyuta inaangalia nini: maji safi yenye kina humeza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu na karibu wote wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, kwa hiyo kwenye bendi hizo, yaani sehemu hizo za mwanga, mto huonekana mweusi. Chembe za udongo hurudisha mwanga mwekundu juu. Ukitoa thamani ya bendi ya kijani kwenye ile nyekundu, kisha ukagawanya kwa jumla yake, unapata namba inayopanda kadiri tope linavyozidi. Tope likiwa zito mno bendi nyekundu hufika kikomo, inaacha kupanda ingawa tope linaongezeka, na hapo unahamia kwenye infraredi. Kuna mtego mwingine. Mto wenye upana wa mita 100 unapata pikseli 10 tu. Ukitupa za kingoni, ambazo zimechanganya maji na majani, zinabaki sita au saba za kuaminika. Kijito chembamba kama Lova kinaweza kuwa na pikseli moja yenye maji matupu, au isiwepo kabisa.

Na kulikuwa na bahati. Bomba lilipasuka wakati wa kiangazi. Mawingu machache, mito imetulia, kila kilichoingia kilijitokeza kama damu kwenye shuka jeupe. Lingepasuka Januari, mawingu yangeziba picha kwa majuma, na hata yangefunguka, udongo mwekundu wa Lunda na Kasai ungekuwa umeshachafua kila mto kwa mvua. Kuna satelaiti za rada zinazopenya mawingu, lakini rada huona umbo na ukwaru wa uso wa maji, haioni rangi. Ingekuonyesha bwawa limepungua. Tope ndani ya mto lingeipita.

Mpaka hapa satelaiti ni shahidi mzuri: anajua mahali, anajua wakati, hapokei bahasha. Ugomvi mkubwa ulikuwa mbele, kwenye swali la kilichowaua watu na samaki.

Upande wa Kongo ulizungumzia metali nzito. Kampuni ikakanusha, ikisema kilichomwagika ni udongo na mchanga wa asili. Satelaiti haina la kusema hapo, kwa sababu nikeli iliyoyeyuka kwenye maji haina rangi inayoonekana kutoka kilomita 786 juu. Asidi haionekani, zebaki haionekani. Kinachoonekana ni tope linalozibeba, kama limezibeba.

Hata hivyo tunaweza kufikiri bila kubahatisha mno. Almasi haichenjuliwi kwa sianidi wala zebaki kama dhahabu. Mwamba unasagwa, unaoshwa, unapitishwa kwenye uji mzito wenye unga wa ferosilikoni, ambayo ni chuma na silikoni, ili mawe mazito yazame, halafu almasi zinatambuliwa kwa miale ya eksirei. Kwa maana hiyo, kampuni ikisema haikumwaga kemikali kali, maelezo hayo yanalingana na namna kazi hiyo inavyofanyika. Ila mwamba wenyewe, kimbalaiti, kwa asili una nikeli na kromiamu nyingi kuliko miamba ya kawaida. Ukiusaga kuwa vumbi na kuukoroga kwenye maji, metali hizo zinasafiri zikiwa zimeshikamana na chembe za udongo. Maneno “udongo wa asili” na “metali nzito” yanaweza kuwa ya kweli yote mawili kwa wakati mmoja, na nadhani ndiyo maana pande hizo hazikukutana: kila mmoja alikuwa ameshika upande wake wa chembe ile ile.

Watanzania walishauona ubishi wa aina hii nyumbani. Tarehe 7 Novemba 2022 kingo za bwawa la majitope la mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, zilibomoka na tope likaingia kijiji cha Ng'wanholo, nyumba na mashamba yakafunikwa. Swali la kwanza vijijini lilikuwa lile lile: lina sumu? Na jibu la mgodi lilifanana na la Catoca, kwamba uchenjuaji wa almasi hautumii kemikali za hatari. Jibu hilo linaweza kuwa sahihi na bado lisimsaidie mwenye kisima kilichojaa tope.

Maana tope peke yake linaua. Udongo laini wa kimbalaiti hauzami upesi, unaweza kuning'inia kwenye maji kwa siku nyingi. Unaziba matamvua ya samaki, nao wanakufa kwa kukosa hewa. Kwa binadamu hatari iko pengine: vijidudu hujificha kwenye chembe, na klorini hushindwa kuvifikia. Shirika la Afya Duniani hushauri maji yawe chini ya NTU 1, NTU ikiwa kipimo cha ukungu wa maji, ndipo klorini ifanye kazi yake sawasawa, na maji unayoyaona mekundu kwa jicho yameshapita hapo zamani. Ongeza samaki waliokufa na kuokotwa na wenye njaa, ongeza familia zilizokimbilia vidimbwi vya pembeni baada ya mto kupigwa marufuku. Kuhara kwa watu elfu nne kunaweza kuelezeka bila hata chembe ya nikeli. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema picha haiwezi kuchagua kati ya maelezo hayo, na asiyelijua hilo huzibebesha picha mzigo usio wao.

Kilichokuwa kinahitajika ni chupa. Mbili kila kituo: moja ya maji yaliyochujwa papo hapo, nyingine isiyochujwa, ili ijulikane kipi kimeyeyuka na kipi kimeshikamana na udongo. Tope la sakafuni pia. Zichotwe chini ya Lova, juu ya Lova, mpakani, na mjini Tshikapa pande zote mbili za makutano, ndani ya siku zile zile wekundu unapopita. Ukichelewa wiki tatu unapima maji mengine kabisa, na mgodi utakuambia, kwa haki, kwamba yako safi.

Wakati wenyewe ulikuwepo, na hili ndilo linaloniuma kila nikikirudia kisa hiki. Maji ya mto kama huu yakienda kwa nusu mita mpaka mita moja kwa sekunde, yanatembea kilomita 43 hadi 86 kwa siku. Ukizingatia mipindo yote, kutoka Catoca hadi Tshikapa ni safari ya siku tano hadi kumi, kwa makadirio yangu. Katika siku hizo satelaiti ilipita angalau mara moja na picha zikapakiwa mtandaoni kama kawaida. Wekundu ulikuwa ukishuka mto huku unaonekana, na huku chini akina mama bado wanachota maji ya kupikia. Hakuna aliyekuwa ameketi mbele ya skrini akiangalia mto ule, kwa sababu haikuwa kazi ya mtu. Picha zilifunguliwa baada ya samaki kufa, zikatumika kama ushahidi wakati zingeweza kutumika kama tahadhari.

Halafu kuna simu ambayo haikuhitaji satelaiti yoyote. Angola na Kongo zote ni wanachama wa SADC, na itifaki ya jumuiya hiyo ya mwaka 2000 kuhusu mito ya pamoja inataka nchi yenye dharura iwajulishe majirani bila kuchelewa. Bomba lilipasuka tarehe 24. Mtu mmoja mgodini aliliona siku hiyo. Kutoka kwake hadi kwa diwani wa mtaa wa pwani ya mto mjini Tshikapa ilikuwa ni mlolongo wa simu nne au tano.

Kuweka mtu wa kuangalia mto si gharama ya kutisha. Mstari wa mto unachorwa mara moja, unagawanywa vipande vya kilomita chache, kompyuta inapewa kazi ya kupakua kila picha mpya na kukokotoa ile namba ya tope kwa kila kipande, ikilinganisha na wastani wa mwezi huo kwa miaka iliyopita. Kipande kikiruka ghafla wakati cha juu yake kimetulia, ujumbe unakwenda. Mwanafunzi wa shahada ya pili anaweza kuiandika programu hiyo ndani ya muhula. Kigumu ni kupata ofisi ambayo ujumbe ukifika Jumamosi jioni, kuna mtu wa kuupokea, mwenye namba za watu wa bondeni na ruhusa ya kuwapigia bila kungoja sahihi tatu.

Na asidhani mwenye mfumo huo kwamba amemaliza. Tarehe 18 Februari 2025, huko Chambishi, Zambia, ukuta wa bwawa la kampuni ya Sino-Metals Leach Zambia ulibomoka, na, kwa taarifa za mwanzo, takriban lita milioni 50 za maji yenye asidi zikaingia vijito vinavyoelekea Mto Kafue. Samaki walikufa, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Pale muuaji alikuwa asidi. Maji makali ya asidi yanaweza kuwa angavu kuliko ya mto mzima, na programu yangu niliyoieleza hapo juu ingeyapita ikiyaona ni mazuri. Kwenye migodi ya shaba kinachofaa ni kifaa cha kupima pH, yaani ukali wa asidi, kilichofungwa ndani ya maji na kutuma namba kila robo saa. Satelaiti ingeweza kuangalia bwawa lenyewe: kuta zake, kimo cha maji yake, unyevunyevu unaoanza kuota pembeni. Rangi ya mto ingedanganya. Kinyume chake kilionekana Machi 2022 pale maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi na samaki kufa. Kamati ya serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo na mimea iliyooza, na Watanzania wengi wakacheka. Weusi ungeonekana vizuri kutoka juu. Ng'ombe na mgodi, kwa jicho la satelaiti, huacha doa la aina moja mpaka mtu ashuke na chupa.

Picha za Julai na Agosti 2021 bado zipo kwenye kumbukumbu za Copernicus, mradi wa Umoja wa Ulaya wenye satelaiti za Sentinel. Ukiwa na simu na bando la kutosha unaweza kuzifungua usiku huu. Tafuta Saurimo, sogea mpaka uone lile duara, rudisha kalenda nyuma mpaka kiangazi kile, kisha ufuate mto kwenda kaskazini. Utafika mjini kwenye makutano, pale maji mawili yanapoingiana. Majina ya wale 12 hutayaona hapo.